Kutoka Nakuru hadi Usenge kwa Masafa Yale Yale

Saa moja asubuhi nilipanda matatu ya Kisumu pale Nakuru, nikapata kiti cha mbele kando ya dereva. Redio yake ilikuwa imefunguliwa kwenye kituo kimoja cha mjini ambacho masafa yake, kama nilivyojua, hutumiwa pia na kituo kingine cha upande wa ziwa, nami nikamwomba asiyaguse hadi tufike. Alinitazama kwa mashaka, kisha akasema, "Sawa tu, lakini ikianza kukwaruza naweka nyimbo zangu."

Hadi Salgaa sauti ilikuwa safi na sina la kusimulia. Mawimbi ya FM, yale yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kama mwanga, kwa hiyo mlima huyakinga, na ndiyo sababu vituo viwili vinaweza kupewa masafa mamoja bila kugombana, mradi pawe na umbali au milima ya kutosha katikati. Baina ya Nakuru na Kisumu zimesimama nyanda za juu za Mau. Tatizo ni kwamba barabara yenyewe hupanda huko huko juu, mahali ambapo redio huweza kupokea pande zote mbili.

Tulipopita Londiani ugomvi ukaanza. Kituo cha Nakuru kilikuwa kikisoma matangazo ya vifo. Mtangazaji akataja jina la marehemu, akaanza kutaja waliomtangulia, na kabla hajafika kwa wajukuu likaingia gitaa la benga, safi kabisa. Kona iliyofuata ikaturudisha msibani. Katika redio za mawimbi ya kati sauti hizo mbili zingechanganyika, lakini mpokeaji wa FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha lile nyonge, hata kama tofauti yao ni ndogo. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu alichoka. "Wewe kijana, amua! Tunazika ama tunacheza?"

Karibu na Kedowa tulisimama kumchukua abiria, na redio ikatulia kwenye benga. Gari lilipoviringika mbele hatua mbili tu, marehemu akarudi. Urefu wa wimbi katika masafa hayo ni kama mita 3, na mawimbi yanayogonga vilima hurudi yakakutana na yale yanayokuja moja kwa moja, hapa yakiongezana nguvu, pale yakipunguzana. Kwa hiyo mpaka wa vituo viwili si mstari wa kuchorwa kwenye ramani, bali ni madoadoa ambayo mtu anaweza kuyavuka kwa miguu. Ningeshuka nikayapima, ila nauli nilikuwa nimeshalipa.

Baada ya Kericho, tukiteremka kuelekea Awasi na Ahero, milima ilibaki nyuma yetu na benga ikashinda moja kwa moja.

Kesho yake jioni nilikuwa Usenge, ufukweni, na redio ndogo ya betri iliyokuwa kwenye masafa yale yale. Kituo cha Kisumu, kilomita zaidi ya 70 mashariki, kilisikika kwa unyonge. Usiku ulipoingia na taa za wavuvi wa omena kutapakaa majini, benga ikakatika, na sauti ya mwanamume ikasema wazi, "Bassebo ne bannyabo." Kiganda! Hewa ya chini inapopoa huku iliyo juu yake ikibaki na joto, wimbi hupindishwa lisipotelee angani, likafuata uso wa maji hadi mbali sana na upeo wake wa kawaida. Na Kampala iko takriban kilomita 170 kutoka hapo.

"Hao ni watu wa ng'ambo," akasema mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando yangu, bila kuinua macho. "Ziwa likitulia huja wenyewe."

Waliendelea kuzungumza hadi alfajiri. Jua lilipopanda, yule mtangazaji alikatika katikati ya neno, pakawa na mkwaruzo wa dakika chache, kisha gitaa likarudi, hafifu, huku wanawake wakianza kuanika omena.