Sarafu iliyolika ukingo peke yake

Robo dola moja ya Marekani imeninyima usingizi wiki nzima. Katikati iko safi kabisa, mawimbi ya nywele za George Washington yanaonekana moja moja. Ila ukiishika ubavuni na kupitisha ukucha, ukucha unateleza tu. Yale meno 119 yaliyouzunguka ukingo hayapo. Pamekuwa laini kama kokoto la mtoni.

Sarafu iliyozeeshwa na matumizi hailiki hivyo. Mifukoni inasuguana na funguo na sarafu nyingine, na kinachoanza kuumia ni kila kilichoinuka: shavu, nywele za juu ya sikio, na mdomo wa ukingo, ambao umeinuliwa makusudi ili ubebe msuguano kwa niaba ya sura. Basi sura na ukingo huchakaa pamoja. Hii yangu ukingo ni kikongwe, sura bado kijana.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa tupa. Enzi za sarafu za fedha na dhahabu watu walikwangua kingo na kuuza unga wake, na meno yaliwekwa ili wizi huo uonekane upesi. Sarafu za kale za Uingereza zilizogongwa kwa nyundo zilikuwa zimekatwakatwa vibaya mno hata zikaondolewa kwenye mzunguko mwaka 1696. Lakini anayepiga tupa anaondoa chuma, na mizani yangu ilisoma gramu 5.66. Robo mpya ni 5.67. Hakuna kilichoibwa.

Nikawaza labda ilipigwa chapa bila ile pete ya chuma inayochonga meno. Hapana. Bila pete chuma hutanuka, sarafu ikawa pana kuliko kawaida. Hii imesinyaa: badala ya milimita 24.26 nimepata 23.7.

Nikaisogeza chini ya lenzi, na hapo nikapaona. Mdomo wa ukingo umenenepa na kujikunja kwa ndani, umezilalia ncha za juu za herufi za LIBERTY. Chuma hakikuondoka, kimesukumwa. Kinachofanya hivyo ni mashine ya kukaushia nguo: sarafu hunasa ndani ya pipa linalozunguka, ikabingirika na kugongwa ubavuni maelfu ya mara, miezi kwa miezi, huku katikati pakibaki salama nyuma ya ukingo wake.

Nimeitia kwenye karatasi yake na kuandika kwa penseli: "kikaushio, mm 23.7". Haitoki kwenye kisanduku changu.