Rejista yangu ilifuata bamvua

Nilimwita mwanafunzi wangu mmoja ofisini kwa sababu ya vipindi alivyokosa. Chuo chetu ni kidogo, na darasa langu la hisabati kwa walimu wanafunzi lina watu 31 tu, kwa hiyo kiti kitupu huonekana. Asiyehudhuria robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani, naye alikuwa ameshafika ukingoni. Akaja, akanipa shikamoo, akasimama akitazama sakafu.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kuna msiba nyumbani?"

"Hapana, Mwalimu. Nisamehe."

Basi, hapo ndipo maneno yalipokwisha. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hamjibu mwalimu kwa maelezo marefu, maana maelezo marefu yanafanana na ubishi. Mimi mwenyewe nimekulia hivyo. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, na upande ule ukimya wa adabu na ukimya wa kiburi huonekana kitu kimoja. Nikamwambia nitaandika barua. Akasema ahsante.

Usiku ule nilifungua rejista ili nihesabu siku za kuziweka kwenye barua. Nikaona kitu ambacho mtu wa hisabati hawezi kukipita. Wiki moja yupo Jumatatu na Jumanne, wiki ya pili hayupo siku zote mbili, ya tatu yupo. Nikashuka na kidole: watano wengine walikuwa na mchoro ule ule. Wote sita ni wasichana, wote wametoka Bwejuu, Paje na Jambiani. Kalenda ya ukutani kwangu ina tarehe za Kiislamu pembeni, kama kalenda nyingi za hapa Unguja. Siku walizokosa zilikuwa mwezi mosi, mwezi pili, mwezi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

Bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu! Mimi ni mtoto wa mjini, wa Ng'ambo, bahari nimeijua kwa kuitazama Forodhani jioni huku nakula. Aliyekulia pwani angeligundua jambo hili tangu wiki ya nne.

Kwa asiyejua: mwani wa biashara ulianza upande ule wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na hadi leo ni kazi ya wanawake zaidi. Hufungwa kwenye kamba kwa taitai, yaani vijikamba vidogo, kamba hutandazwa baina ya vigingi, na baada ya kama wiki 6 huvunwa. Kufunga na kuvuna hufanyika maji yakikupwa sana, yaani bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu yakiingia, tofauti hushuka hadi kama mita 1 na shamba halifikiki vizuri. Na kwa kuwa bamvua huja jua, mwezi na dunia vikiwa katika mstari mmoja, saa ya kupwa huwa karibu ile ile kila bamvua. Hapa kwetu ni mnamo saa nne, saa nne na nusu asubuhi. Kipindi changu kilianza saa tatu kikaisha saa tano. Nilikuwa nimewapangia wanafunzi wangu somo katikati ya shamba la mama zao.

Barua sikuiandika. Nilikwenda kwa mratibu wa ratiba, akanijibu kwamba chuo hakiwezi kufuata mwezi. Mwisho nilibadilishana na mwenzangu anayefundisha saa nane mchana, tukakubaliana sisi wawili kimya kimya. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi.

Kilichofuata ni kosa langu. Nilikuwa nimesoma habari za mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake, ambao mwaka 1992 walieleza jinsi walimu wa Arizona, Marekani, walivyokwenda katika nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko, si kupeleka malalamiko bali kujifunza kaya zile zinajua nini. Nikapata moto. Tulikuwa tumefika kwenye fanksheni zinazojirudia, sini na kosini, mada inayowatesa wengi. Nikamsimamisha yule msichana mbele ya darasa, nikasema, mwenzenu huyu anatoka katika watu wa mwani, atatueleza maji yanavyokwenda.

Alieleza kwa sentensi mbili akakaa. Baada ya kipindi akanisubiri mlangoni.

"Mwalimu, mimi nimekuja chuo ili nisirudi kwenye mwani."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akaona haya zaidi kuliko mimi. Nilikuwa nimemgeuza mwanafunzi kuwa kielelezo, na nikadhani namheshimu. Ni tabia yetu walimu: akitokea mwanafunzi wa Pemba tunamtungia hesabu za karafuu, kana kwamba kila Mpemba amezaliwa juu ya mkarafuu.

Wiki iliyofuata nilifanya tofauti. Kila kundi la watu wanne lichague chochote kinachojirudia, likirekodi kwa mwezi mzima, kisha lichore grafu na kuiandikia kanuni. Mazungumzo ya kundi kwa Kiswahili, ripoti kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na sitaki kuwadanganya. Jambo moja dogo lilinifurahisha: kwa Kiingereza wanafunzi hukariri neno la muda wa mzunguko bila kulielewa, lakini kwa Kiswahili ni kipindi, neno lile lile la ratiba yao ya skuli. Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Yule msichana alichagua umeme. Kundi lake likasoma mita ya tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ya dahalia kila usiku. Bahari ilichukuliwa na kundi la vijana wa mjini, na walipokuja kuwasilisha, grafu yao ilikuwa safi ajabu: maji yanajaa saa kumi, yanakupwa saa nne, yanajaa saa kumi, kila siku vile vile mwezi mzima. Bila shaka walirekodi siku mbili, zilizobaki wakazichora kitandani.

Nilikuwa nataka kusema. Nikanyamaza, na kimya kilikuwa kirefu.

"Maji hayaji hivyo," akasema mtu nyuma. Ni yeye. "Kila siku yanachelewa. Leo ukishuka saa nne, kesho kutwa huwezi kushuka saa nne, utakaa ufukweni unayangojea."

"Yanachelewa kiasi gani?" akauliza kijana mmoja, kwa kejeli kidogo.

"Siku moja, kama dakika hamsini. Hesabu mwenyewe."

Wakahesabu. Kipindi si saa 12, ni saa 12 na kama dakika 25. Halafu mwenzake wa Bwejuu akauliza kimo cha wimbi nacho mbona ni kimoja mwezi mzima, maji mafu yako wapi? Ubaoni tukajikuta na mawimbi mawili, la jua na la mwezi, tunayajumlisha, na bamvua ikajitokeza pale yanapopanda pamoja. Mada hiyo haimo katika muhtasari wa mwaka wa kwanza. Adhana ya Alasiri ilitukuta bado tunabishana, wasichana watatu wa pwani wameshika chaki, mimi nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Matokeo ya mtihani yalikuwa mchanganyiko, kama kawaida. Yeye alifaulu vizuri. Mmoja wa wale sita alishindwa.

Ratiba ya muhula mpya imetoka juzi: Jumatatu na Jumanne, saa tatu asubuhi. Nimechora grafu ya rejista ya mwaka jana bila majina, nimeandika tarehe za Kiislamu chini yake, na kesho naipeleka tena kwa mratibu.