Limelala, na sakafu kavu

Ukimwambia mtu saspensheni ya gari lako inavuja, anainama kutazama chini. Leo asubuhi angeinama bure. Kona ya nyuma kushoto imelala mpaka tairi limezama ndani ya madigadi, lakini katoni niliyotandaza jana usiku haina hata tone. Nikafungua boneti nipime mafuta ya saspensheni, yale yanayolibeba gari, nikakuta yamezidi alama.

Maana yake ni moja. Mafuta yaliyokuwa yameibeba ile kona yamepenya kwenye valvu isiyofunga sawasawa, yakarudi tangini kwa njia yake ya kawaida. Yamevuja, ila yamevujia ndani. Ndiyo maana kwenye mfumo huu kipimo husomwa injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama kwenye kimo chake. Ukipima likiwa limelala, tangi linakudanganya kwamba mfumo umeshiba mafuta, kumbe ni yale yaliyotakiwa kulibeba gari ndiyo yamerudi humo.

Gari lenyewe ni saluni kubwa, ya kifahari enzi zake, na imeshafika umri ambao kuinunua ni rahisi kuliko kuitunza. Ina springi za chuma kama gari lolote, ila kila springi imeunganishwa na pistoni ya mafuta, na kompyuta ndiyo inayoamua pistoni ipi isukumwe ili gari lisilalie upande kwenye kona wala lisiiname ukikanyaga breki. Pampu inaendeshwa na injini, na shinikizo linafika baa 200. Tairi lako lina kama baa mbili na nusu. Ukizifikiria namba hizo mbili pamoja, unaacha kushangaa kwamba inavuja, unaanza kushangaa kwamba ilikaa miaka yote hiyo bila kuvuja.

Mwezi uliopita ilivujia nje. Mpira wa mbele unaopitisha mafuta ulipasuka, taa nyekundu ikawaka, nikazima injini palepale. Hapo hakuna kujikongoja hadi gereji: pampu ikizunguka bila mafuta inajisaga, na chembe za chuma zinasambaa kwenye kila valvu. Nilikuja kuchukuliwa na breakdauni, na sijutii gharama yake.

Nilidhani tutabadilisha mpira na kuondoka. Fundi hakushika hata spana. Alitaka kwanza kujua hali ya matufe ya gesi. Tufe hilo ndani yake lina utando wa mpira: upande mmoja naitrojeni, upande wa pili mafuta. Gesi inabonyea, mafuta hayabonyei. Kila pigo la pampu na kila shimo la barabarani linatakiwa likaishie kwenye gesi. Lakini naitrojeni hupenya utando kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na ikiisha, mapigo yote yanahamia kwenye mipira, viungo na sili, zile pete zinazozuia mafuta yasitoke. Tufe la mbele lilikuwa limekufa. Kwa hiyo mpira uliopasuka ulikuwa majeruhi tu, na mpya ungepasuka vilevile. Wapo wanaouza magari haya baada ya mpira wa tatu, wakiamini wamelaaniwa.

Kitu kingine nilichokiona siku ile sitakisahau. Nilikuwa napeleka kidole kwenye kiungo kilicholowa, akanidaka mkono. "Bosi, hapana. Hapo hapapapaswi." Akachukua kipande cha katoni, akakipitisha taratibu kandokando ya bomba, mpaka mstari mwembamba wa mafuta ukajichora juu yake. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho. Mafuta yanayotoka kwa nguvu ile yanapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama umechomwa na sindano, na usipopasuliwa haraka unaweza kupoteza kidole. Pia hakuingia chini ya gari kabla ya kuweka stendi, maana bomba likifunguliwa gari linashuka bila kuaga.

Mfumo wa mafuta na gesi si mgeni. Citroën wa Ufaransa waliuweka kwenye magurudumu ya nyuma ya gari lao mwaka 1954, na mwaka uliofuata gari lao jipya, DS, likaupata kwenye yote manne. Rolls-Royce walichukua leseni ya Citroën kwa ajili ya gari lao la Silver Shadow la 1965. DS za mwanzo zilitumia mafuta mekundu yaliyonyonya unyevu na kuleta kutu. Katika miaka ya 1960 Citroën wakahamia kwenye mafuta ya madini, ya kijani, na sili nazo zikabadilishwa ziendane nayo. Huko ndiko ninakotoa ukali wangu kuhusu chupa ya mafuta: mtu akitaka kuniongezea "oili yoyote ya stelingi", namzuia. Sili inatengenezwa kwa mafuta fulani, na ukiipa mengine inavimba au inalainika, na hapo huvuji sehemu moja tu tena.

Kuna wanaonishauri ning'oe kila kitu nifunge springi na shokapu za kawaida. Si ushauri wa kijinga, na kwa mwenye gari moja tu la kumfikisha kazini ningemwambia afanye hivyo. Mimi bado napenda linavyopita kwenye kona likiwa limenyooka, nami nina usafiri mwingine.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni valvu za nyuma. Tutaanza na njia ya bei nafuu: chujio jipya, mafuta mapya, kisha kuliinua na kulishusha gari mara kadhaa kwa kompyuta ya fundi, huenda ni uchafu tu umeizuia valvu isifunge. Likilala tena, bloku ya valvu inatoka, inafunguliwa mezani na kuwekwa oringi mpya, yaani pete za mpira za kuzuia mafuta. Nimeagiza seti ya nyuma na ya mbele kwa pamoja, kwa sababu zile za mbele zina umri uleule.