Keki ya kastadi bila oveni: mara mbili imenimwagikia, ya tatu imesimama

Jamani leo nimefurahi mpaka nimeona niandike. Ile keki ya biskuti na kastadi, ya kupanga tabaka bila kuoka, nimeiweza. Nimeigeuza kwenye sahani ikasimama, kisu kikapita, tabaka zote zikaonekana, na nimeihangaikia tangu mwanzo wa Ramadhani mpaka hii Idi.

Sababu ni mtoto wa wifi yangu. Ana miaka 6, akila yai midomo inavimba na vipele vinamtoka, kwa hiyo kila keki ikikatwa yeye anapewa biskuti anakaa pembeni kuwaangalia wenzake, roho inaniuma. Mama mkwe ndo akaniambia mwanangu si umfanyie ya kastadi, ile haina yai. Na kweli, unga wa kastadi ni wanga wa mahindi tu umetiwa rangi na vanila. Nikaja kusoma kwamba uligunduliwa mwaka 1837 na mkemia mmoja wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, kwa sababu mke wake alikuwa hawezi kula mayai! Yaani ulitengenezwa kwa ajili ya mtu kama huyu mtoto wetu. Ila soma pakiti jamani, ya kastadi na ya biskuti, usibahatishe kwa mtoto wa watu.

Sasa ya kwanza. Kuna jirani hapa Ngamiani, Tanga, anasifika kwa mapishi, nikamfuata, akaniambia kwa kujiamini kabisa: kastadi usiichemshe, ikianza kuvuta tu epua, ukiiacha itakatika iwe mabonge na maji. Nikatii. Ikavuta, nikaepua, nikapanga na biskuti za Marie, nikaweka friji usiku kucha. Asubuhi nakata, ikafunguka kama uji wa mgonjwa, biskuti zinaelea, kastadi imefika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Mwingine akasema tia friza, nikatia, ikawa jiwe. Nikaitoa wakati wa futari, robo saa haikuisha ikaanza kutoa maji, na ukiila ina mchangamchanga mdomoni. Lita nzima ya maziwa hiyo, na maziwa ya Ramadhani mnajua bei yake.

Hasira zangu ni kwamba ule ushauri ni wa kastadi ya mayai! Ya mayai ndo ukiichemsha inakatika. Hii ya unga ni wanga, na wanga usipochemka vizuri haushiki, ni kama kuepua ugali bado mbichi. Lazima itokote, ile ya kutoa mapovu mazito yanayoruka pluk pluk, na ikishatokota endelea kukoroga dakika 2 nzima moto mdogo. Mikono inauma, vumilia.

Ya pili nikaichemsha hivyo, ikawa nzito safi, nikaimwaga kwenye bakuli ipoe. Ilivyopoa nikaonja kwa kijiko kama sukari imekolea, nikachota tena na kijiko kilekile, nikaonja tena, nikakoroga, nikaiacha. Nimerudi baadaye imelegea! Nimekaa na hilo jambo siku mbili silielewi. Kilichonifungua ni mdogo wangu yuko kidato cha pili, alikuwa anajisomea ile praktiko ya mate na wanga, ya kudondoshea iodini kuangalia kama wanga bado upo. Nikaruka. Mate! Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na mimi nimeyakorogea mwenyewe kwenye kastadi iliyokwisha poa. Marehemu bibi alikuwa anatupiga mwiko tukionja na kurudisha, yeye alikuwa anadondoshea kiganjani ndo analamba, siku zote nilijua ni usafi tu. Sasa hivi naonja kiganjani, na watoto nimewapiga marufuku kusogelea bakuli.

Ya tatu ndo hii ya Idi. Maziwa lita 1, unga wa kastadi vijiko 8 vya chakula (pakiti inasema vichache kwa sababu wao wanapima ya kumwagia matunda, ya kukata inataka nzito), sukari nusu kikombe kwa sababu biskuti zina sukari yake, iliki ya kutwanga punje kama 6. Unga ukoroge na maziwa ya BARIDI kwanza, ukitia kwenye ya moto ni madonge hutayamaliza. Ikishaiva tia siagi kijiko kimoja, inang'aa na inashika zaidi.

Kupanga usingoje ipoe. Ikiwa bado ya uvuguvugu inagandana na biskuti, ikipoa kabisa kila tabaka linajitenga, ukikata linateleza. Biskuti zichovye kwenye chai ya maziwa, unahesabu moja unatoa, ukifika mbili inakatikia kikombeni. Mi nimepanga tabaka 5, la mwisho biskuti ili ukigeuza ziwe chini zibebe.

Kuhusu kugeuza, hapa nimejisifu sana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 sina tena ya kutandika kwenye chombo, nikachukua nailoni ya mkate wa boflo, nikaiosha, nikaichana pembeni, nikaitandika kwenye bakuli mpaka ikaning'inia nje. Kesho yake nimevuta zile ncha, nikageuza, ikatoka nzima na kona zake. Wifi alidhani nimenunua dukani.

Gharama sijaandika, ila haikufika elfu kumi na tano na tumekula watu 9. Mtoto alikata mwenyewe kipande cha kwanza, akala vitatu, akanifuata jikoni kuuliza kama kesho ipo tena.

Na usiyekuwa na friji usikate tamaa. Ile Idi nyingine umeme ulikatika, dada yangu yake ya kastadi tupu aliiweka kwenye beseni la barafu, zile za vifuko zinazouzwa nyumba ya jirani, akafunika na kanga iliyoloa, akabadilisha barafu mara mbili. Ilichukua kutwa, lakini ilikatika vipande, laini kidogo tu kuliko yangu.