Siku kumi za kumchunga Chapo

Doa la mafuta ndilo lililomfichua. Nilikuwa nafua sare za mwanangu Jumamosi moja nikakuta mfuko wa kaptura umelowa mafuta, na ndani yake makombo ya chapati. Kumbe nusu ya chapati niliyokuwa nikimfungia ya shule hakuwa akiila. Alikuwa akiipeleka nyuma ya bucha iliyo karibu na geti la ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, kwa mbwa koko mmoja wa kike, mwembamba, mwenye rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Jina alikuwa keshampa: Chapo.

Mwanangu ana miaka 9 na hana ndugu. Aliponiomba tumchukue mbwa yule, nilimwambia nyumba ni ya kupanga na hakuna nafasi. Akaendelea kuomba kila jioni, kwa upole, bila kulia. Mwishowe nikalegea nusu: amlishe huko huko nje, lakini siku mbwa huyo atakapomuuma mtu yeyote, ataondoka siku hiyohiyo. Nilidhani nimeweka sheria nzuri. Hilo ndilo kosa ninalotaka mzazi mwenzangu alijue, kwa sababu nusura linigharimu mtoto.

Wiki mbili hivi baadaye, Jumatano, tumekaa kula ugali na sukuma, nikaona anakula kwa mkono wa kushoto. Si kawaida yake. Nikamwambia atoe mkono wa kulia, akakataa. Nilipouvuta, kidole gumba kilikuwa kimezungushiwa kitambaa kilichochanwa kwenye fulana ya zamani. Nilipokifungua nikaona matundu mawili, moja kando ya ukucha na jingine upande wa chini, na kidole kimevimba. Alikuwa akimtoa Chapo kupe sikioni, akavuta vibaya, mbwa akashtuka na kumuuma. Ilikuwa jana yake. Alilala na kidonda hicho, akaenda nacho shule na kurudi nacho.

"Mama, usimfukuze. Mimi ndiye nilimuumiza."

Mtoto alikuwa ameogopa sheria yangu kuliko kidonda chake.

Ukiumwa na mbwa, jambo la kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni afadhali uoshe hata kama umechelewa. Bomba letu lilikuwa kavu siku hiyo, kwa hiyo nilimwinamisha juu ya karai, nikawa namimina maji ya mtungi kwa jagi huku namsugua kwa sabuni ya kipande. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto akiwa analia.

Kituo cha kwanza tulichokwenda hawakuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Wakaniambia nirudi kesho, sikukubali. Nilijua kwamba virusi vya ugonjwa huo husafiri polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, na kwamba dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kumrudisha mtu. Chanjo lazima itangulie. Tukapanda matatu usiku ule hadi hospitali nyingine, akadungwa sindano ya kwanza. Kwa kuwa ngozi ilikuwa imetoboka, alidungwa pia kinga nyingine kuzunguka kidonda chenyewe, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Tukapewa kadi yenye tarehe za kurudi: siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28.

Kisha daktari akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mbwa yuko wapi?"

Akanieleza kwamba mbwa mwenye virusi hivyo katika mate siku anayouma, huugua na kufa ndani ya siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, basi hakukuambukiza. Kwa hiyo asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe mahali salama na aangaliwe kila siku.

Tulipofika nyumbani, keateka, yaani mwangalizi wa ploti, alikuwa ameshasikia habari, na vijana wawili wamesimama getini na rungu. Niliwaomba wasimguse. Tukaenda sote kwa mwenye ploti, mama mzee anayeishi chini, ambaye watoto wote humwita Shosho. Nilitaka kumsemea mwanangu, lakini alitangulia.

"Shosho, naomba siku kumi tu. Daktari amesema. Akiugua nitakwambia, sitaficha tena."

Shosho aliutazama ule mkono wenye bendeji kwa muda, kisha akamwambia keateka atafute mnyororo.

Chapo alifungwa nyuma ya tangi la maji. Sikumruhusu mwanangu kumgusa; chakula alikisukuma kwa mti wa ufagio. Kila asubuhi kabla ya shule aliandika kwenye daftari: amekula, amekunywa maji, anatembea sawa, habweki ovyo, hatoki mate mengi. Jirani yetu Mwislamu aliomba mbwa asifike mlangoni pake kwa sababu ya swala, tukafupisha mnyororo. Hakuna aliyegombana na mwenzake.

Siku ya kumi Chapo alikuwa mzima na amenenepa kidogo. Mwanangu alikuwa amepata sindano tatu. Daktari akasema zilizobaki hazihitajiki.

Ndipo tukamwita daktari wa mifugo wa agroveti, duka la dawa za mifugo la hapa mtaani. Akamchanja Chapo dhidi ya kichaa, akampa dawa ya minyoo na ya kupe. Akatueleza kwamba mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya imelenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia 2030. Mbwa wasio na mwenyewe ndio wagumu kufikiwa, akasema, halafu akamwangalia mwanangu: "Wewe umeshanipunguzia mmoja."

Shosho alitoa masharti mawili: mbwa afungwe kizazi, na usiku alale ndani ya geti, maana tangu awe pale hakuna aliyeibiwa nguo kwenye kamba. Kumfunga kizazi tulimpeleka Kabete, kwenye kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa pikapu ya jirani, kwani makondakta wote walitukatalia.

Sheria yangu ya zamani nimeifuta. Ya sasa ni kwamba ukiumwa au kukwaruzwa, unaniambia saa hiyohiyo, na hakuna anayefukuzwa kwa sababu umesema. Ameshaitumia mara moja, kwa mkwaruzo mdogo wa paka.

Kadi ya chanjo ya Chapo ameiweka ndani ya daftari lile la siku kumi, imebanwa pamoja na kadi yake mwenyewe ya sindano.