Siku moja maishani mwangu: kulea wazee kisiwani Lewis

Harusini Wete mwaka jana shangazi mmoja alimuuliza dada yangu, "Mdogo wako huko Ulaya anafanya kazi gani?" Dada akajibu kwamba niko hospitali. Aliona uzito kusema naosha wazee. Basi leo nasema mwenyewe. Hii ni siku moja ya Disemba, siku ya tatu feri haijaja.

Saa kumi na mbili asubuhi. Naishi Stornoway, mji wa kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Feri ya kutoka Ullapool, bandari ya bara, huchukua karibu saa tatu bahari ikiwa shwari, na ikichafuka haitoki kabisa. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa hilo. Rafu za mkate dukani zimebaki tupu tangu jana. Disemba hii jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya saa tatu hivi. Msikiti upo hapa mjini tangu 2018, lakini kazi yangu iko upande wa pili wa kisiwa, na mkeka wangu unakaa kwenye buti la gari.

Saa moja na nusu navuka nyika ya Barvas gizani, kilomita ishirini hivi bila mti hata mmoja, kondoo wamelala barabarani. Wazee wangu nawahudumia majumbani mwao. Nyumba ya kwanza na ya pili zinapita vizuri: nepi, vidonge, uji wa shayiri wa chumvi, kuchana nywele, kujaza taarifa kwenye simu.

Saa tatu niko Bragar, kijiji chenye lango la mifupa ya taya ya nyangumi aliyeletwa na mawimbi mwaka 1920. Bibi ninayemhudumia hapa ana miaka 91. Mara ya kwanza nilimsemesha kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, nilichojifunza, nikatumia neno la kumwambia mtoto. Akanisahihisha taratibu: mkubwa huambiwa "sibh". Nikamwambia kwetu nako mkubwa haamkiwi ovyo, nikamfundisha shikamoo. Sasa kila asubuhi naitoa, naye anaitikia "marahaba" na kuongeza "a ghràidh", kipenzi.

Hataki hita ya umeme. Anataka mòine, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali wakati wa machipuko na kuanikwa upepo mpaka ukakauka. Rundo liko nje ya mlango, limepangwa mshazari kama mifupa ya samaki ili mvua iteleze. Nachukua mabonge sita. Ni mepesi kuliko unavyodhani, na yana nyuzi za mizizi zinazokwaruza kiganja. Moshi wake unaingia kwenye mtandio na hautoki hata ukifua.

Saa nne na nusu, Shawbost. Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Mzee wa hapa hawezi kusimama. Kumtoa kitandani kunahitaji mashine ya kunyanyulia, na kanuni inataka watu wawili. Mwenzangu alikuwa amekwama Ullapool kwa ajili ya feri. Ofisi ikasema mtu mwingine anatoka Ness, kaskazini mwa kisiwa, nimsubiri. Nikasubiri. Shuka ilikuwa imelowa tangu usiku. Nilimgeuza ubavu mmoja, nikamfuta, nikatandika taulo kavu chini yake, nikamgeuza wa pili. Nilipofunua blanketi aligeuzia uso ukutani. Hakusema kitu. Mtu aliyejitegemea miaka themanini, sasa mgeni wa mbali anamfunua. Ninayajua macho yale, marehemu babu yangu alikuwa nayo. Nikaanza kumhadithia habari za karafuu, jinsi zinavyochumwa na kuanikwa, mpaka bega lake likalegea.

Saa sita binti yake akapiga simu kutoka Glasgow. Kwa nini baba bado yuko kitandani? Nikaeleza. Akafoka kwamba sijui kazi, kwamba atashitaki. Sikumjibu vibaya. Yuko mbali, bahari imefunga, na baba yake amelowa. Mimi pia nimewahi kupiga simu Pemba nikiwa na hasira za namna hiyo. Lakini mikono ilinitetemeka. Ofisi nayo ikapiga: ziara hii imepangiwa dakika 45, hizo nyingine zitaandikwaje?

Tukiwa tunasubiri, mzee aliniomba nimletee kipande cha kitambaa kilichokuwa bandani. Alikuwa mfumaji wa Harris Tweed, kwa kitanda cha mfumi cha kukanyaga kwa miguu. Sheria ya 1993 inataka kitambaa hicho kifumwe majumbani mwa wenyeji wa visiwa hivi, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa humu humu visiwani. Kwa mbali kilikuwa cha kahawia tu. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya nyuzi: buluu, kijani, chungwa, na uzi mmoja wa zambarau. "Tazama karibu," akasema. Ukiacha ombi lile la kitambaa, yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu niingie.

Mwenzangu wa Ness alifika saa saba na robo. Tukamnyanyua, tukamwogesha, tukamkalisha dirishani.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Adhuhuri niliswali kwenye maegesho yanayotazamana na bahari, mvua ikipita ubavu ubavu. Arnol, kisha Carloway. Magharibi ilinikuta njiani. Chakula changu kilikuwa ndizi moja na chai ya nyumba ya watu.

Ziara ya mwisho ni Bragar tena, kumlaza bibi. Mjomba wake, ambaye hakuwahi kumwona, alikuwa ndani ya Iolaire: meli iliyowarudisha mabaharia kutoka vitani, ikagonga miamba mlangoni mwa bandari ya Stornoway usiku wa kuamkia 1 Januari 1919. Zaidi ya 200 walikufa, wakiwa wameshaziona taa za kwao. Anasema mama yake hakulitaja jina la meli hiyo maisha yake yote.

Usiku ule nilimweleza habari za meli ya Spice Islander, Septemba 2011, iliyozama Nungwi ikielekea kwetu. Nilimwambia jinsi tulivyokesha bandarini Wete tukisubiri majina. Bibi aliniuliza swali moja tu, kama mama yangu huweza kuitaja. Nikamwambia hapana.

Akanionyesha majivu. Nikafukia makaa kama nyanya yangu alivyokuwa akifukia ya mafiga, ili asubuhi nikija niyakute hai.