Mfudu Uani kwa Mama

Nilirudi Mombasa mwezi wa Februari, baada ya kuishi Leicester, Uingereza, kwa miaka 13, na asubuhi ya kwanza nyumbani kwetu Likoni niliamshwa na kunguru. Nilibaki kitandani nikisubiri sauti nyingine zifuate, kwa kuwa nilipokuwa mtoto kunguru hakuwa peke yake: shore waligombana kichakani nyuma ya jiko, tetere walilia juu ya mkwaju, na chozi walipita dirishani wakitafuta maua. Siku ile sikusikia ila kunguru, na kwa mbali honi ya feri.

Nilipotoka nje nilielewa. Uani kote kulikuwa kumetandazwa kabro, yaani matofali ya saruji ya kutandika chini, kazi iliyofanywa na ndugu zangu kwa nia njema, na sehemu ya fedha zake nilizituma mimi mwenyewe bila kuuliza zinakwenda kufanya nini. Kichaka kilikuwa kimekatwa kwa hofu ya nyoka, na mahali pake pakapandwa bogenvilia na miti ya mapambo ambayo sikuona hata nyuki mmoja akiitembelea. Miti mikubwa iliyosalia ilikuwa miwili tu: mwarobaini ulio kando ya kisima, na mkwaju, ambao mama alikataa katakata usiguswe.

Leicester nilikuwa na jirani, bibi wa makamo, aliyeacha kona ya bustani yake iote maua ya porini ya nchi yake, akaniambia kwamba nyuki wa pale wanayajua maua hayo na wanayahitaji. Katika mji huohuo nililiona dukani ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo wao huliita African violet, likiuzwa katika vyungu vya kuweka dirishani. Baadaye nilisoma kwamba asili yake ni pwani yetu na milima iliyo karibu nayo: Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, ndiye aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892, na aina yake moja inaota yenyewe kwenye majabali ya chokaa ya Cha Simba, Kilifi. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nilizaliwa safari ya saa chache kutoka kwenye majabali hayo na sikuwahi kuambiwa habari zake.

Kwa hiyo kabla ya mvua za masika nilikwenda Waa, katika barabara ya Lungalunga, kwa mzee mmoja wa Kidigo mwenye kitalu cha miche. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwambia kwamba natafuta miti ya kuwarudisha ndege.

"Ndege gani, mwanangu?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema "ndege" kana kwamba wote ni mmoja. Mzee akanikalisha kwenye benchi na kunieleza kwamba chozi hula utamu wa maua na wadudu, kwa hiyo mpandie mshubiri. Kwamba shore hutaka tunda dogo analoweza kulimeza. Kwamba ninga hufuata kuyu popote zilipo. Nikataka kununua mkuyu papo hapo, naye akakataa kuniuzia aliposikia kwamba kiwanja chetu ni futi 50 kwa 100, kwani mizizi ya mkuyu hupasua msingi wa nyumba na kuingia katika mabomba. Nilimheshimu sana kwa kuikataa biashara ile. Mbegu zake huziokota mashambani na kando ya njia. Kayani, yaani katika misitu mitakatifu ya Wamijikenda, haingii kuokota, kwa maana kutoa huko hata kijiti kikavu ni mwiko, na nadhani mwiko huo ndio uliohifadhi misitu ya makaya hadi ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Niliondoka na mishubiri sita na mifudu mitatu. Mfudu nilikuwa nimeusahau kabisa, ingawa nilikula fudu zake nyeusi utotoni hadi ulimi ukabadilika rangi. Wenzetu wa Tanga huuita mfuu. Wataalamu wa mimea wameuita Vitex mombassae, yaani mji wetu umo ndani ya jina lake, na mishubiri ile nayo ni ya aina inayoitwa Aloe kilifiensis. Tuliing'oa kabro upande wa nyuma, tukakuta mchanga kidogo, kisha jiwe la matumbawe. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, na maji matamu tunanunua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa watu wa mikokoteni, kwa hiyo mti unaodai kumwagiliwa kila jioni wakati wa kaskazi ni mzigo kwa mama. Mishubiri haikudai kitu. Mfudu mmoja ulikufa. Ile miwili, baada ya mvua za Mei, ilitoa majani mapya.

Mwarobaini sikuukata. Najua kwamba asili yake ni Bara Hindi, kwamba ndege na popo huzisambaza mbegu zake, na kwamba katika sehemu nyingi za pwani umeingia vichakani na kuisonga miti ya kwetu. Lakini mama huchemsha majani yake, na kivuli chake kinatufaa sana. Ninachofanya ni kung'oa miche yake kila Jumamosi, kabla haijashika mizizi. Kunguru wale pia ni wageni kutoka Bara Hindi, waliofika Mombasa katika miaka ya 1940, na ni wao wanaokula mayai na makinda ya ndege wadogo. Ndiyo maana nataka kichaka kirudi, tena kiwe cha miiba, ili shore apate pa kujificha.

Mjadala mkubwa kati yangu na mama ulihusu majani makavu. Tangu nimjue, mama hufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijapanda, na jioni huyachoma majani. Nilimwomba aniachie kona moja chini ya mkwaju. Nilimsimulia habari za Bamburi, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya saruji yaliyokuwa mwamba mtupu: mivinje ilistahimili, lakini majani yake yalilala chini bila kuoza, mpaka wakaletwa jongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mama alisikiliza, kisha akasema kwamba jongoo hamtaki karibu na mlango. Tukakubaliana kwamba mpaka utakuwa kisima.

Kilichombadilisha zaidi ni mndimu wake wa kwenye ndoo. Mwezi wa Juni ulijaa viwavi vidogo vya kahawia vyenye doa jeupe, vilivyofanana kabisa na kinyesi cha ndege, na mama akanituma dukani nikanunue dawa. Nilimsihi angoje. Baada ya siku kadhaa vilikuwa vinono na vya kijani, na mama alipokigusa kimoja kwa njukuti, kilichomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikatupanda puani. Alirudi nyuma hatua moja, kisha akainama tena na kukigusa cha pili. Kimoja kilijifunga ukutani, na asubuhi ambayo kipepeo alitoka, mweusi mwenye mabaka ya manjano, mama alimwita jirani aje kumwona akikausha mabawa. Mndimu ulibaki na majani machache, lakini umekwisha kuchipua upya.

Jana mishubiri miwili ilikuwa imetoa maua, na chozi mmoja alikuja mara tatu kabla ya saa tatu. Vuli ikianza nitarudi Waa kuchukua mfudu wa kuziba pengo la ule uliokufa. Mama ameniagiza mkindu, kwa sababu ukindu wa kusukia mikeka umekuwa ghali, na ameshaupimia mahali: ng'ambo ya kisima, kwenye upande wa jongoo.